Usikate, Jiwe Ndani

Kulia tano, ndefu. Mia moja.
Kilele kipofu, kaa kushoto.
Kushoto tatu, inabana. Usikate, jiwe ndani.

Hivyo ndivyo ninavyosema naye
dakika kumi na nne bila kumeza mate,
mimi Eyotaru, binti wa koplo,
kichwa ndani ya helmeti, daftari gotini,
penseli mbili kifuani iwapo moja itavunjika.
Yeye hanijibu. Kabasinguzi akishika usukani
huongea kwa mguu tu.

Kiswahili chetu si cha pwani.
Changu nilikiokota kambini Muhoti,
kwenye foleni ya posho, midomoni mwa maafande.
Chake alikipata gereji, mjini Fort Portal,
pamoja na spana namba kumi na tatu
na matusi yasiyofaa kuandikwa.
Kitoro changu kinachechemea, Kilugbara hana hata salamu,
basi barabara tunaisoma kwa lugha ya tatu.

Jana tuliipita polepole, gari la kuazima,
chai ya Kijura imetubana mabega yote mawili,
yeye akitaja, mimi nikiandika:
daraja la magogo, mti uliopigwa radi,
mahali wachumaji huvukia na vikapu.
Bibi mmoja akatusimamisha: mnapima shamba la nani?
Nikamwambia, tunapima kona.
Alicheka hadi kikapu kikamwinamia.

Gari letu ni Subaru la mwaka niliozaliwa.
Mlango wangu hufunguka kwa nje tu.
Kwa ajili ya tairi nne aliuza mashine ya kusaga,
na sokoni wakasema: angekuwa na mume, asingeachiwa.
Mume alikuwepo.
Ndiye aliyebeba tairi.

Leo, baada ya daraja, nimefunua ukurasa
na ukurasa haukufunuka.
Tope la asubuhi limegandisha karatasi mbili,
ya kumi na moja na ya kumi na mbili,
kama midomo ya mtu mwenye siri.
Gia ya tano. Utelezi.
Nilikuwa na neno moja tu la kweli,
nalo hatukuwahi kuliandika.

Sijui, nikasema.

Wapo madereva ambao ukiwaambia hivyo
watakuamini kesho, wodini.
Yeye aliinua mguu. Hakuuliza.
Gari likajikusanya, likainamisha pua,
na nyuma ya kona, pale pale,
trekta la chai, trela limelala ubavu,
vijana watatu wakizoa majani mabichi kwa mikono
kana kwamba hakuna mtu aliyewaambia kuhusu sisi.

Tukapita mtaroni, magurudumu mawili yakila nyasi.
Mmoja wao alituvulia kofia.

Nikabandua karatasi kwa ukucha.
Kulia nne. Hamsini. Sauti yangu ilitoka nyembamba.
"Endelea, Adyeri," akasema.
Empaako, jina ambalo kwao hupewa mtoto
mbele ya ukoo, kwa ugali wa ulezi na nyama ya moshi;
mimi nimepewa gia ya tatu ikinguruma,
na shahidi ni kioo chenye ufa.
Nikaendelea. Ningefanya nini?

Tumemaliza wa tisa, kati ya magari kumi na tisa.
Mtu wa redio akanisogezea kipaza sauti:
na gari hili, mwenyewe yuko wapi?
Kabasinguzi alikuwa chini ya injini,
miguu tu ndiyo inaonekana.
Nikamwonyesha miguu.

Usiku huu nakausha daftari juu ya sigiri,
ukurasa kwa ukurasa, nikigeuza kama dagaa.
Kesho zimebaki hatua mbili, na mawingu yako Rwenzori.
Pembeni mwa ule wa kumi na moja
nimeongeza alama mpya, kwa penseli ya pili:
herufi moja, S,
na mshale unaoelekea kushoto,
mahali ambapo mguu wake hukaa.